Sukari ya Kufunga

Katika nyumba ile ya Kotile, kijiji cha kando ya mto chenye lugha yake, Kiswahili kilikuwa mali ya Mzee Bishar. Wengine walikijua cha kuombea maji tu. Yeye alikijua cha kujadili bei ya fahali mpaka mnunuzi akafuta jasho. Alikipata zamani, alipokuwa akipeleka ng'ombe soko la Garissa na kupanda nao malori hadi pwani, na hakuona haya kuwakumbusha watu. Simu yoyote ya Kiswahili ikilia, hata ya mtu aliyekosea namba, ilipelekwa kwake, naye aliipokea kwa kukohoa kwanza kidogo, kama bwana shauri. Mkewe Rahmo alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na kila alipofungua mdomo kukisema mumewe alimsahihisha mbele za watu. Basi akaona heri anyamaze. Ukisahihishwa maisha yako yote, hata neno usilolikosea unaliogopa.

Kwa hiyo Bishar alipofanyiwa upasuaji wa moyo Nairobi, simu zote za madaktari zilikuwa zake, ingawa mgonjwa ni yeye mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, na wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Sukari alikuwa nayo miaka mingi, anaichukulia kama jirani msumbufu. Moyo ndio uliowatisha. Ilifika akawa hawezi kutoka msikitini hadi nyumbani bila kusimama njiani na kujifanya anatazama mawingu. Huko Nairobi walimpasua kifua, wakatoa mshipa mguuni na kuushonea moyoni ili damu ipate njia nyingine. Rahmo alipoelezwa aliona ni maneno ya wazimu, mpaka alipomwona mumewe amekaa kitandani, anabishana na mhudumu kuhusu uji. Alilia kwa furaha pale pale wodini. Tangu siku ile hakuna swala iliyompita bila kumwombea daktari ambaye hakuwahi kumwona ila macho juu ya barakoa, na wale watu waliotoa damu bila kujua itaingia kwa nani. Alitamani awajue majina. Kwa kuwa hakuyajua, alimwambia Mungu, "Wewe unawajua."

Na mtu ambaye Rahmo alimwombea zaidi ya wote ni Zilpah. Huyu alikuwa muuguzi wa kliniki moja mjini Garissa, mama wa makamo kutoka upande wa magharibi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kukutuliza hata akikusomea habari mbaya. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watu. Daktari wa moyo alikuwa Nairobi, wa sukari alikuwa Garissa, na kule Kotile alikuwapo Muriuki wa zahanati, aliyekuja kwa pikipiki kusafisha kidonda cha mguu. Zilpah ndiye aliyehakikisha huyu anajua alichosema yule, dawa ya mmoja isije ikagombana na ya mwenzake, na karibu kila asubuhi alipiga simu kuuliza mzee ameamkaje. Rahmo hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Hata watoto wao waliotawanyika mijini hawakupiga simu kiasi kile.

Siku waliyopitia Garissa wakirudi nyumbani, Zilpah aliwakalisha chini akawaeleza kila kitu. Mzee asinyanyue kitu kizito. Akikohoa akumbatie mto. Insulini ikae kwenye chungu chenye unyevu, kivulini, na adungwe sindano nusu saa kabla ya kula, asubuhi na jioni. Kisha akamgeukia Rahmo, ambaye maneno mengi yalikuwa yamempita, akamwigizia. Alitetemesha mikono, akapangusa jasho la uongo usoni, akalegeza macho, halafu akachukua sukari akajifanya anaiweka mdomoni. "Haraka," alisema, "usingoje mtu." Rahmo aliitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa vizuri, maana halikuhitaji Kiswahili.

"Na sukari upime kila asubuhi ukiwa umefunga, mzee," Zilpah alimalizia. "Tumeelewana?"

Uso wa Bishar ulichanua. Alimtazama yule muuguzi kama mtu aliyesomewa siri yake.

"Tumeelewana kabisa," alisema.

Garini, njiani kurudi Kotile, alimshika Rahmo mkono, jambo ambalo si kawaida yake. "Naa Rahmo," alimwita kwa lugha yao, "umesikia? Mwanamke wa kanisa, na Mungu amempa aniambie nifunge."

Ndipo akamweleza. Usiku wa kuamkia upasuaji alikuwa ameweka nadhiri. Alimwambia Mola wake kwamba akiamka salama atafunga mwezi mzima wa shukrani. Hakumwambia mtu. Alikuwa akijiuliza atawaambiaje madaktari, maana alijua watakataa, na sasa daktari mwenyewe ameamuru.

"Mgonjwa hafungi," Rahmo alisema. "Hata Ramadhani anasamehewa."

"Amesema nifunge. Kila asubuhi."

"Labda alikuwa na maana nyingine."

"Kufunga ni kufunga. Leo wewe ndiye utanifundisha Kiswahili?"

Rahmo alimwamini Zilpah, na alimwamini mumewe kwa lugha ile, basi angebishana na nani?

Saumu ikaanza. Kabla ya alfajiri Rahmo aliamka kuandaa daku: mikate laini ya anjera, maziwa, na chai ambayo aliinyima sukari kama alivyoagizwa. Bishar alidungwa sindano, akala, akaswali. Kisha, funga ikiwa imeshaanza kwa hesabu ya dini, alijitoboa kidole na kupima sukari, akakaa na simu yake kama anayesubiri habari za serikali. Simu ililia jua likichomoza.

"Mzee Bishar, umeamkaje?"

"Fizuri, alhamdulillahi," alijibu kwa lafudhi ya kwao.

"Umepima?"

"Nimebima."

"Ukiwa umefunga?"

"Nimefunga, daktari. Kabisa."

"Vizuri sana, mzee. Uendelee hivyo hivyo."

Bishar alikata simu huku amevimba kichwa. Mtu akiona ibada yake inasifiwa kutoka Garissa, tena na mtu wa dini nyingine, atamsikiliza mke wake?

Kumbe Zilpah kule alikuwa anauliza kama mzee amepima kabla hajatia kitu tumboni. Kwake yeye kufunga kulikuwa ni kukaa na njaa ya usiku tu, mpaka damu ipimwe, kisha mtu anywe chai yake. Na kwa kuwa Bishar alipima muda mfupi baada ya daku, tumbo limejaa anjera, sukari ilionekana iko juu. Zilpah akaona haya si mazuri kwa moyo ulioshonwa juzi. Aliwasiliana na daktari wa sukari, daktari akawasiliana na mwenzake wa Nairobi, kila mtu akafanya kazi yake kwa uangalifu, na wote kwa pamoja wakaongeza dawa.

"Sukari yako ya kufunga iko juu kidogo, mzee," Zilpah alimweleza. "Tutaongeza insulini."

"Wameniongezea dawa," Bishar alimtangazia Rahmo, "ili niweze saumu."

Hata Muriuki hakuokoa jambo. Alikuwa kijana mwenye heshima, ametoka Embu, na alipomaliza kufunga kidonda aliletewa chai. Aliona mzee hainywi, akadhani anaikwepa kwa ajili ya sukari, akamsifu kwa kujikaza. Bishar alizipokea sifa hizo pia.

Rahmo ndiye aliyeona. Kila ikifika alasiri, jasho lilimtoka mumewe hata kivulini. Mikono ilitetemeka akihesabu tasbihi. Siku moja alimgombeza mbuzi kwa jina la shemeji yake. Siku nyingine alisahau rakaa, akarudia swala, akasahau tena. Rahmo alipomwambia, alijibu kwamba saumu ni jihadi na jasho lake lina thawabu. Wakati wa kufuturu alipokula na kuchangamka, alimtazama mkewe kwa macho ya kusema, unaona? Na Rahmo, ambaye alikuwa na shukrani tele kwa wale watu wote waliomrudishia mume, aliona aibu kuwatilia shaka. Hofu yake akaimeza.

Siku iliyofuatia ile waliyoongeza dawa mara ya pili, Bishar alitoka alasiri kwenda kutazama ndama. Alikawia. Rahmo alimkuta ameketi chini, mgongo kwenye miiba ya boma wala haisikii, kanzu imelowa chapachapa. Alimwita. Bishar alimwinulia macho yasiyomjua, akaanza kumtajia bei ya fahali kwa Kiswahili.

Rahmo akaiona ile mikono ya Zilpah ikitetemeka mbele yake, na ile sukari ikienda mdomoni. Alikimbia nyumbani, mwanamke mzima wa umri wake, shali imeanguka njiani. Alichokishika cha kwanza kilikuwa chupa ya asali, akarudi nayo mbio.

"Meza," alimwambia.

Bishar alikaza meno. Akili yote ilikuwa imemtoka, ila hilo moja lilikuwa limebaki. "Jua halijazama," alisema. "Jua halijazama."

"Meza, Bishar!"

Bishar alimsukuma. Rahmo alipiga magoti nyuma yake, akamwegemeza kichwa kifuani pake, akijihadhari na lile kovu refu la kifua, akachovya kidole katika asali na kukipenyeza ndani ya shavu. Bishar aliking'ata. Aliking'ata hasa, damu ikatoka, naye Rahmo hakukitoa. Alimpaka asali kwenye fizi huku analia na kumsomea kila dua aliyoikumbuka, akachovya tena, akampaka tena, mpaka meno yakalegea na koo likaanza kumeza.

Macho yalirudi polepole. Yalimtazama, yakaitazama chupa, yakalitazama jua lililokuwa bado juu ya miti ya mtoni.

"Umenivunjia saumu," Bishar alisema, akageuza uso.

Rahmo alichukua simu kutoka mfuko wa kanzu ya mumewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akampigia mtu wa Kiswahili.

"Daktari. Mimi Rahmo. Mzee naanguka. Mimi naweka asali."

"Pole, mama! Ameamka? Anaongea?" Sauti ya Zilpah ilikuwa imeruka, kisha ikajituliza. "Umefanya vizuri sana. Leo amekula nini?"

"Hakula. Yeye nafunga."

"Anafunga nini, mama?"

"Nafunga! Saumu!" Rahmo alipandisha sauti, na maneno yaliyokuwa yamemkwama kooni majuma yote hayo yakatoka yenyewe, yakiwa na makosa yake yote. "Wewe nauliza kila siku, mzee, umefunga? Yeye nasema, nimefunga. Wewe nasema, fizuri sana. Sasa yeye nafunga mpaka magharibi, na sindano wewe naongeza!"

Kule Garissa kiti kilisukumwa kwa nguvu.

"Mungu wangu," Zilpah alisema. "Mungu wangu, mama. Nisikilize."

Alimwelekeza kwa maneno mafupi mafupi, moja moja, akingoja aitikie. Ampe maziwa na anjera sasa hivi. Apime. Baada ya muda apime tena. Sindano ya jioni asidungwe mpaka aambiwe. Muriuki alikuwa ameshapigiwa kwa simu nyingine na yuko njiani, na Zilpah hakuondoka kwenye simu ile mpaka aliposikia pikipiki ikiingia uani. Rahmo hakusahau hilo. Yule mama alikuwa Garissa, na bado siku ile alikuwa kama amekaa naye kwenye mkeka.

Siku iliyofuata Zilpah alikuja mwenyewe na gari la kliniki. Aliingia uani akiwa amejitanda leso kichwani kwa heshima, Muriuki nyuma yake, na kabla hajaketi alisema alichokuja kusema.

"Kosa ni langu, baba. Nilitaka upime kabla hujala. Nikakwambia ukiwa umefunga. Nimekaa Garissa miaka yote hii, nilipaswa kujua neno hilo hapa ni zito."

Bishar hakuwa na hasira naye. Alikuwa na huzuni. "Basi wewe hukujua habari ya ahadi yangu," alisema taratibu.

"Ahadi gani?"

Akamweleza ile nadhiri. Zilpah alisikiliza, mikono mapajani. Muriuki akaanza kueleza habari za moyo uliotoka kupasuliwa na figo za mtu mwenye sukari, na kwamba ile ya jana ingeweza kuwa ya mwisho. Bishar alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Dawa ni yenu, mnaweza kubunguza," alisema. "Ahadi ni yangu. Niliamka. Nimeamka na pumzi yangu, na Mola wangu nilimwambia nitafunga. Sasa nikae hapa nanywa chai, nimwambie nini?"

Zilpah alitazama chini. Ndipo Rahmo, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akasema mbele ya wageni, kwa Kiswahili.

"Daktari ya moyo iko. Ya sukari iko. Ya kidonda iko." Alimtazama Zilpah. "Ya saumu nani?"

Bishar alifungua mdomo kumsahihisha, akaufunga. Zilpah aliinua kichwa taratibu.

"Tumemsahau," alisema. "Ni nani, mama?"

Sheikh Olow wa msikitini aliletwa kwa pikipiki ya Muriuki, kilemba kimepinda kwa upepo. Alikuwa mtu mfupi, asiyependa maneno marefu isipokuwa yake. Alimsikiliza Bishar, akawasikiliza madaktari, akanywa chai yake yote, na wakamngoja.

"War Bishar," alisema kwa lugha yao, "ulimwahidi Mola wako ufunge, au ulimwahidi ufe?"

"Nifunge."

"Basi kama ni kufa, hilo hukuliahidi, usimletee asichoagiza. Yeye ndiye aliyekuponya, sasa unaitupa zawadi yake mlangoni pake? Aliyeshindwa na saumu kwa ugonjwa usioondoka hulisha maskini. Kila siku uliyobakisha, lisha mtu mmoja, umshibishe. Nadhiri yako itakuwa imetimia, nami nitasimama shahidi."

Machozi yakamtoka Bishar mbele ya watu wote, naye hakuyaficha. Mzigo aliokuwa nao haukuwa njaa hata siku moja. Aliogopa kufa akiwa mkosefu wa shukrani.

Zilpah alimwomba Muriuki, aliyekuwa ameokota lugha ya pale kidogo, amtafsirie, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Huyo maskini atakula saa ngapi?"

Sheikh Olow alimtazama. "Saa yoyote."

"Basi ale asubuhi, nusu saa baada ya sindano. Na ale pamoja na mzee, sahani moja."

Sheikh alicheka mpaka kilemba kikazidi kupinda. Alisema huyu mama angezaliwa Kotile wangempa darasa la fikihi. Chai ya pili haijapoa, Zilpah alikuwa ameongea na Garissa na Nairobi, insulini imepunguzwa, na daktari wa moyo, aliyeelezwa yote hayo, alikuwa ameomba salamu zake zifike kwa sheikh.

Hivyo ndivyo wageni wa asubuhi walivyoanza kuja. Alikuja mzee kipofu aliyekula kwa adabu na kuimba kasida baadaye. Alikuja mchungaji aliyemalizwa na ukame, hajui aanze wapi. Alikuja mmoja mwenye domo, Bulle, aliyewaeleza ndoto zake zote, na Bishar alilazimika kula polepole akimsikiliza, jambo ambalo Muriuki alisema ni zuri kwa tumbo. Mtu akimwalika mgeni hawezi kumwacha ale peke yake. Bishar alikula kwa wakati, kila siku, kwa heshima ya mgeni, na Zilpah hakuuliza tena kama amefunga.

"Mzee, umepima kabla hujala?"

"Nimebima."

"Mgeni amefika?"

"Amefika."

"Basi kuleni, Mungu awabariki."

Sukari ilitulia. Kidonda cha mguu kilifunga, na hapo neno hilo lilitumika bila madhara. Bishar alianza kutembea hadi msikitini bila kutazama mawingu. Rahmo alisimama jikoni akisikia vicheko vya wanaume uani, na shukrani ilimjaa hadi akashindwa kukoroga chai. Mungu, alisema, umenipa mume mara mbili.

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Bishar kila baada ya chakula aliomba dua ndefu, akawataja kwa majina Zilpah, Muriuki, Sheikh Olow, daktari wa moyo ambaye alilitamka jina lake vibaya, na wale waliotoa damu. Jina la Rahmo hakulitaja. Wala hakusema neno tena kuhusu alasiri ile. Kidole kilipona kikabaki na alama ya meno, na kila alipokanda unga Rahmo aliiona, na kila alipoiona aliyasikia yale maneno: umenivunjia saumu. Alijua hakuwa na dhambi. Sheikh Olow alimwambia hivyo waziwazi. Lakini si sheikh aliyeyasema.

Asubuhi ya mwisho ya nadhiri mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Udongo mweusi ulikuwa umegeuka uji, na mgeni wa siku ile alikuwa anatoka mbali, ng'ambo ya korongo la maji ya mvua. Bishar alipima, akadungwa sindano, akaketi kwenye mkeka kumngoja. Rahmo alileta sinia: anjera ya moto, mayai, maziwa ya ng'ombe. Njia ilikuwa tupu. Muda ulipita. Mvuke wa anjera uliisha.

"Kula, Bishar," Rahmo alisema kutoka mlangoni.

"Mgeni bado."

"Sindano imeshaingia."

"Nimesema mgeni bado."

Rahmo aliutazama uso wake akitafuta jasho. Mkono wake mmoja ulikuwa tayari umeishika chupa ya asali iliyokaa rafuni tangu siku ile. Angeifanya tena, hata angechukiwa tena, na alijua mumewe anajua.

Simu ililia. Bishar aliiweka kwenye sauti ya juu.

"Mzee, mgeni amefika?"

Bishar alikuwa amemwona mkewe mlangoni, na chupa mkononi. Aliitazama ile chupa, kisha kile kidole kilichoishika.

"Keti," alimwambia.

"Mimi?"

"Keti hapa, ule na mimi."

Hakuwahi kula naye sinia moja uani, mchana kweupe, mahali pa wageni. Rahmo aliketi kwenye ukingo wa mkeka, tayari kuinuka. "Mimi si maskini wako," alisema.

"Yule atalishwa akifika, na kama hakufika atalishwa kesho. Hii si ya nadhiri." Bishar alimega anjera, akachovya kwenye yai, akamwekea Rahmo mkononi. Hakuuachia mkono. "Siku ile nilisema umenivunjia saumu."

"Ulisema."

"Nilikosea neno. Mimi, mwenye maneno." Alikohoa kidogo, kama anapopokea simu. "Hukuvunja kitu. Ulinifuturisha."

Kila mtu Kotile anajua thawabu ya anayemfuturisha aliyefunga: hupata sawa na aliyefunga mwenyewe. Rahmo akatia lile tonge mdomoni ili asilie, na akalia hivyo hivyo huku anatafuna. Bishar alimega lake, akasema bismillahi, akala.

"Mzee?" Simu ilikuwa bado hewani, na sauti ya Zilpah ilianza kuingia wasiwasi. "Mzee Bishar, nasikia kimya. Mgeni amefika?"

Bishar aliisukuma simu mbele ya mkewe. "Sema wewe."

Rahmo alimeza tonge, akajifuta macho na ncha ya shali.

"Mgeni nafika, daktari," alisema. "Sisi nakula."

Bishar alimsikia vizuri. Alimega anjera nyingine, akaendelea kutafuna, wala hakumsahihisha.